Maiki Chee Inatoboa Masikio, Tuifungue au Tuiache?

Safari hii maswali karibu yote yamekuja ya aina moja, maiki za kondensa za bei chee. Nimechagua sita, mengine yanafanana nayo.

Fundi mambo vipi, nipo Tandika nina kistudio chumbani, narekodi singeli na kaswida kidogo. Nimenunua maiki ya kondensa, zile nene za Kichina zenye kichwa kikubwa, na intafesi, kile kiboksi cha kuunganishia maiki na kompyuta, ina 48 V ya kuilisha maiki. Sauti inaingia safi ila S na SH zinachoma mpaka unafumba macho. Jamaa mmoja kaniambia nibadilishe kapsuli, mwingine kasema ni transista. Nianze na kipi?

Poa mdogo wangu. Kwanza weka bisibisi chini, manake hamna kati ya hao wawili aliyekwambia kwa nini inachoma, na bila kujua kwa nini utabadilisha vitu mpaka hela iishe na S iko palepale.

Iko hivi. Neumann wa Ujerumani walitoa maiki yao ya U 67 mwaka 1960, U 87 ikafuata 1967, na kapsuli za humo ndani, yaani kile kidude kinachonasa sauti, kwa asili yake zinanyanyua sauti za juu, zinaanza kupanda kama kwenye kHz 5 hivi na zikikaribia kHz 10 zimeshapanda kweli. Wenyewe walilijua hilo ndo maana kwenye sakiti wakaweka njia ya kuzishusha, kinachotoka kwenye waya kinakuwa kimetulia. Sasa viwanda vya China vikaiga ile kapsuli, vikaitoa kwa wingi kwa bei ndogo, na kiukweli nyingi wala si mbaya, ila sakiti wakachukua nyingine kabisa, nyepesi, haina transfoma, inapitisha kila kitu kama kilivyokuja. Kapsuli inapandisha halafu hamna wa kushusha. Hiyo ndo S yako.

Kwa hiyo kabla hujalehemu chochote fungua programu yako ya kurekodi, weka ikwalaiza, kuanzia kHz 7 kwenda juu shusha dB 3 au 4 kwa mteremko mpana, sio shimo jembamba. Sikiliza kwa hedifoni. S ikitulia na sauti bado ina uhai basi ugonjwa umeshaujua, na mi ningeishia hapo hapo maana kushusha ndani ya maiki na kushusha kwenye programu masikio hayatofautishi. Wanaouza vifurushi vya kubadilishia vipuri hawapendi kulisema hili.

Isipokuwa hivyo, yaani S bado inachoma sehemu moja tu hata ukishusha, angalia umekaaje. Wengi mnaimba mdomo umeielekea maiki moja kwa moja na umbali wa vidole vinne. Rudi nyuma, iwe kama shibiri moja, halafu iinue maiki ifike usawa wa macho ikiangalia chini kidogo, au igeuze pembeni kidogo upepo wa mdomo upite. Hii ni bure na inasaidia kuliko transista yoyote.

Ukishapita hapo na bado unataka kuifungua, sawa, maana kuna mtu anatumia maiki kwenye laivu au anampa mteja wimbo palepale hana muda wa ikwalaiza. Dawa ni kapasita ndogo inayolaza sauti za juu kabla hazijatoka. Hesabu ya pale inapoanza kushusha ni moja gawanya kwa 2π mara rezista mara kapasita, mfano rezista ikiwa kilo-ohm 2.2 na kapasita nanofaradi 10 unaangukia kama kHz 7.2. Lakini rezista ya kuhesabia ni ile ambayo kapasita inaiona kwenye sakiti YAKO, usikariri namba ya mtu aliyefungua maiki nyingine. Na usitie kapasita yoyote ya seramiki uliyoichomoa kwenye redio bovu, hapo inatakiwa ya filamu au seramiki ya aina ya C0G, zile seramiki za kawaida thamani yake inabadilika umeme ukibadilika na nyingine ukizigonga zinatoa sauti zenyewe.

Transista yeye kazi yake kubwa ni shiiii ya chini, sio S. Huyo jamaa alikuwa anajibu swali lingine. Kubadilisha kapsuli kunasaidia ukichukua aina ambayo haipandishi juu namna hiyo, ila ndo kipuri cha gharama kuliko vyote humo ndani, na ukiigusa dayaframu, ile ngozi yake nyembamba, kwa kidole tu umeimaliza, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Fundi, vipi kuhusu kutoa ule wavu wa ndani kwenye kichwa cha maiki? Nimesikia inafungua sauti. Msomaji, Tabata.

Ni kweli zile za bei chee zinakuwa na nyavu mbili mpaka tatu, na sauti inagonga humo ndani inarudi kwenye kapsuli. Kutoa wavu mwembamba wa ndani kunabadilisha kidogo, kidogo sana, usitegemee muujiza. Ila usizitoe zote, ule wavu ndo ngao ya umeme. Ukiiacha kapsuli uchi, au ukiurudisha wavu umeulegeza haugusi ganda la maiki vizuri, utasikia mvumo wa Hz 50 na simu ikilia karibu unasikia trrr-trrr-trrr mpaka kwenye rekodi. Wakati uko humo ligonge ganda kwa kucha usikilize, kama linalia tiiing kama sufuria tupu bandika ndani vipande vya lami ya kubandika au tepu nene, mbali na sakiti.

Kaka habari, mimi nasoma hadithi za watoto na matangazo ya biashara, naishi Kimara. Nina BM-800 nimeichomeka kwenye laptop kwa ule waya uliokuja nayo. Sauti ndogo, nikiongeza inakuja shiii na mvumo, halafu inasikika kama niko bafuni. Niliambiwa ninunue kapsuli kubwa ya dhahabu niiweke humo. Inafaa?

Salama dada yangu. Hiyo kapsuli usinunue. Ndani ya nyingi ya hizo BM-800 kuna kapsuli ndogo ya elektreti, imeshatiwa chaji ya kudumu kiwandani. Ile kubwa ya dhahabu haina chaji yake, inataka ipewe volti kama 40 mpaka 60 na sakiti, na sakiti ya hiyo maiki haitoi kitu kama hicho. Utailehemu vizuri kabisa halafu uambulie kimya.

Shida yako ya kwanza ni umeme. Tundu la maiki la laptop linatoa volti chache tu na hiyo maiki imeundwa ipate 48, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa na njaa, inatoa sauti ndogo, na wewe ukivuta gein unavuta na uchafu wa saundikadi ya laptop. Tafuta intafesi yenye kitufe cha 48 V, hata ya chini kabisa, na waya wa XLR kwa XLR, ule wa maiki wenye miguu mitatu. Tofauti utaisikia siku hiyo hiyo. Mvumo nao, jaribu kuchomoa chaja urekodi kwa betri, ukikata ujue ni chaja na sio maiki.

Bafuni sasa. Hapo maiki haina kosa dada, ni tiles, ukuta mtupu na bati. Watu wanabandika trei za mayai ukuta mzima, zinapunguza vijisauti vya juu kidogo tu na moto ukitokea zinawaka kama karatasi maana ndo karatasi. Chukua godoro lisimamishe, ila sio nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya, liweke nyuma YAKO. Maiki inasikia mbele, na mbele yake ni wewe na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Kabati la nguo lililofunguliwa milango nalo ni zuri sana, simama ukilipa mgongo. Tandika blanketi chini. Feni zima, najua joto la Dar, rekodi kipande kipande.

Bro nisaidie, nimerekodi kaswida kwa maiki ya kondensa, nimeipitisha kwenye kiboksi cha 48 V halafu waya wa XLR kwenda pini ndogo ya stereo kwenye rekoda ya mkononi. Kwenye hedifoni sauti ipo ila kama inatokea nyuma ya kichwa. Nikituma kwa watu wakisikiliza kwa spika ya simu sauti yangu HAIPO, dufu tu ndo linasikika! Gongo la Mboto.

Hili nimelipenda. Hujalogwa bro. Waya wa XLR unabeba sauti yako mara mbili, mguu wa 2 iko sawa na mguu wa 3 imepinduliwa. Mashine inayoelewa inatoa moja kwenye nyingine na kelele za njiani zinakufa. Wewe huo waya wako umepeleka mguu wa 2 kushoto na mguu wa 3 kulia, rekoda ikadhani ni stereo. Kwa hedifoni kila sikio linapata lake, ila simu ikizijumlisha kwenye spika moja, sawa na iliyopinduliwa zinauana. Dufu limebaki kwa sababu hukulirekodi kwa waya huo.

Rekodi haijaharibika. Ingia kwenye programu ya Audacity, igawe ile treki ya sauti iwe mono mbili, futa ya kulia, basi. Au pindua moja halafu zijumlishe, shiii inapungua kidogo. Kwa baadaye mwambie fundi akutengenezee waya unaotumia mguu wa 2 na wa 1 tu, na rekoda uiweke mono.

Kijana wangu, mimi narekodi mawaidha nyumbani Kigamboni. Kipindi cha masika maiki inatoa mlio kama mtu anakaanga, pwaa, pwaa, halafu inatulia yenyewe. Jua likiwaka haina neno. Nimeshaipeleka kwa fundi akasema haina ugonjwa.

Shikamoo mzee wangu. Fundi hajakudanganya, pengine siku ile hewa ilikuwa kavu. Kapsuli ya kondensa inategemea rezista kubwa ajabu, ohm bilioni moja na zaidi, na unyevu kidogo tu ukikaa kwenye bodi ya sakiti au pembeni ya kapsuli umeme unapata njia ya kuvuja, ndo huo mlio wa kukaanga. Kigamboni kuna na chumvi ya bahari juu yake. Mate nayo yanachangia, hasa ukisoma karibu bila kile kitambaa cha kuzuia upepo.

Ukimaliza kurekodi usiiache kwenye stendi. Ifunge kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishalowa havifanyi kazi, badilisha. Kabla ya kusoma iwashie 48 V ikae kama nusu saa ipate joto. Na kama una AC, usiitoe chumba cha baridi ukaipeleka nje kwenye fukuto hapo hapo, inatoa jasho ndani. Ikiendelea, mwambie fundi aisafishe bodi pale kwenye transista ya kwanza kwa isopropili, asitumie ile spiriti ya bluu inaacha utando, na asiguse eneo hilo kwa vidole baada ya hapo. Kapsuli yenyewe asiipake kitu wala asiipulize kwa mdomo.

Naenda Kariakoo Jumamosi kuchukua maiki used. Naijaribuje dukani? Na hizi zinazoandikwa kelele dB 5 na nyingine 20, ni kitu cha kuangalia? Sinza.

Hiyo ni shiii ya maiki yenyewe, ikiwa ndogo ndo nzuri. Ni kitu, ila sio kwa kila mtu. Rode NT1-A imeandikwa dB 5, AT2020 ya Audio-Technica imeandikwa 20, na zote watu wanafanyia kazi. Ukiimba karibu, chumbani Sinza na bajaji zinapita dirishani, kelele ya mtaa inaifunika hiyo 20 mapema kabisa. Ukirekodi gitaa taratibu au mtu anayenong'ona usiku, hapo tofauti utaisikia. Na kwenye maiki zisizo na jina hiyo namba usiiamini sana, karatasi inapokea chochote.

Dukani beba laptop, intafesi, waya WAKO na hedifoni za kufunika masikio. Mulika kichwa kwa tochi ya simu uone kapsuli, kama ganda ni kubwa na ndani kuna kapsuli ndogo kama kifungo ujue unachouziwa. Washa 48 V, ongea mbele, kisha izungushe ongea nyuma kwa sauti ileile, kama ni ya upande mmoja lazima sauti ishuke sana. Isiposhuka kapsuli ina walakini. Tikisa waya pale kwenye XLR. Gonga ganda. Shiii huwezi kuipima Kariakoo mchana usijidanganye, kwa hiyo kubaliana na muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba una siku mbili za kurudisha, halafu usiku mtaa ukilala, feni imezimwa, iviringe kwenye blanketi, gein weka ile unayoimbia, rekodi dakika moja ya kimya. Ukisikia shiii tupu iliyonyooka hiyo ni tabia yake, ukisikia kukwaruza au mapigo, Jumatatu asubuhi uko dukani kwake na risiti mkononi.