Re: Karani wa wakili anataka faili ya mgonjwa, nimpe?
Dadangu, hapo kliniki yenu Malindi karani akija na barua tu anataka faili ya yule mgonjwa wa ajali ya boda, usimpe kwanza, hata akuharakishe vipi. Barua ya wakili si amri ya korti. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, na ile ya Kulinda Data ya 2019 imeweka mambo ya afya kwenye data nyeti, kwa hivyo muulize idhini iko wapi, iwe na saini ya mgonjwa, tarehe, na itaje ni rekodi gani za lini, kisha mpigie mgonjwa mwenyewe kwa namba iliyo kwa faili yenu, si ile ya kwenye barua. Hapo ndo wengi huteleza. Amri ya korti ikija soma inataka nini, toa hicho tu, majibu ya HIV kama hayakutajwa yabaki. Orijino haitoki, toa kopi, andika kwa rejista nani kachukua na lini. P3, ile fomu ya polisi ya kueleza majeraha ya mtu, nayo hujazwa na daktari, usiichanganye na hii ya kutoa faili. Na mgonjwa akija mwenyewe kutaka rekodi zake ni haki yake, msimzungushe jamani, wengine watoka mbali huko Magarini.