Kisukari na mtoto wa jicho: je, aanze matone ya antibiotiki wiki moja kabla?

Umeuliza kama mama mwenye kisukari anunuliwe matone ya antibiotiki ayatumie wiki nzima kabla ya kutolewa mtoto wa jicho. Asianze kwa uamuzi wenu. Matone hayo hayachukui nafasi ya iodini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa jichoni kabla ya upasuaji, na yanaweza kuwaacha hai bakteria sugu.

Bakteria wanaoingia ndani ya jicho kwa kawaida ni wake mwenyewe, wa kwenye kingo za kope na utando wa jicho, hasa Staphylococcus epidermidis. Nje hawana shida. Wakipita kwenye mkato, jicho linaweza kupotea kwa siku chache. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupambana kwa unyonge na kidonda huchelewa kufunga, ndiyo maana kwa mwenye kisukari hatupunguzi hatua hata moja.

Povidoni-iodini ya 10% hupakwa ngozi ya kope, na ya 5% hutiwa ndani ya jicho ikae dakika 3 kamili. Ikiwepo ya 10% tu, muuguzi huichanganya nusu kwa nusu na maji tasa ya chumvi. Makosa hutokea hapa: kuchukua ile yenye sabuni, ambayo huunguza konea (kioo cha mbele cha jicho), kuosha kabla dakika hazijatimia, au kutanguliza jeli ya ganzi, ikaufunika utando iodini isiuguse. Mpangilio ni matone ya ganzi, iodini, ndipo jeli. Mzio wa kamba au kaa si sababu ya kuikwepa. Kisha kope zote zifunikwe kwa plastiki tasa yenye gundi, usibaki unywele hata mmoja njiani.

Mwishoni mwa upasuaji daktari huchoma antibiotiki ya sefuroksimu 1 mg katika 0.1 ml ndani ya jicho. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha maambukizi yakipungua karibu mara 5.

Kabla ya siku hiyo, ombeni abonyezwe kona ya jicho karibu na pua. Usaha ukitoka, upasuaji uahirishwe hadi mfuko wa machozi utibiwe. Kope zenye magamba nazo zitibiwe kwanza, na kama ana kidonda cha mguu, daktari asifichwe.

Akisharudi nyumbani, mikono ioshwe kabla ya kila tone na ncha ya chupa isiguse kope. Msisubiri maumivu makali, kwani yanaweza yasiwepo. Akiona vizuri siku ya kwanza kisha ukungu ukarudi, au jicho likazidi kuwa jekundu, mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.