Kozi Isubiri, Kwanza Tafuta Waraka Wako

Msomaji mmoja wa Wete ameniandikia kuuliza alipie kozi gani ya kompyuta, kwa kuwa anataka kuandika nyaraka zake mwenyewe nyumbani na hana haja ya cheti. Jawabu langu, dada yangu, ni kuwa kozi isubiri. Tafuta kwanza waraka ambao usipoukamilisha hutalala.

Wangu ulikuwa kitabu cha ukoo wetu wa Chake Chake, ambacho wajomba zangu walikigombania siku ya khitma ya bibi (nanyi mtanistahamilia nikijisifu). Awali nilipeleka karatasi za mkono kwenye duka moja la steshenari, ambako kijana alinitoza kwa kila ukurasa, akaharibu majina ya wazee wangu, na nilipomwomba asahihishe, akaniambia mbele ya wateja kwamba kompyuta si ya watu wa umri wangu. Maneno yale hayajanitoka.

Mpwa wangu akaniazima kompyuta yake na kuniwekea LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka ambayo haina malipo na ikishawekwa haihitaji intaneti. Siku za mwanzo hazina hadithi. Nilikuwa nikitafuta herufi tu. Kilichonikera ni mistari myekundu chini ya karibu kila neno, hata nikakitilia shaka Kiswahili changu, kumbe programu ilikuwa ikinisoma kwa Kiingereza. Lugha ya maandishi ikiwekwa Kiswahili, na kamusi yake ikiwemo, mistari hiyo hupungua, na inayobaki ndiyo ya kuangaliwa.

Faida kubwa zaidi niliipata kwenye mitindo, yaani maumbo ya maandishi yaliyopewa majina ndani ya programu. Nilikuwa nikikuza kila kichwa cha sura kwa mkono, kisha nikigonga Enter mpaka sura ihamie ukurasa mpya, na nikimwongeza mjomba mmoja tu katika sura ya kwanza, zilizofuata zote zinahama. Weka kishale kwenye kichwa cha sura, bonyeza Ctrl na 1, nacho kitapata mtindo wa Heading 1. Ukiubadilisha mtindo huo, vichwa vyake vyote hubadilika pamoja, na programu itakutengenezea orodha ya yaliyomo pamoja na namba za kurasa. Orodha hiyo haijisahihishi, kwa hiyo iamuru isasishwe kila unapoongeza maandishi. Ukurasa mpya uanze kwa Ctrl na Enter.

Haya hayakai kichwani kwa kukariri vitufe darasani. Nimewaona vijana wenye vyeti ukutani wanaonyoosha safu za majina kwa kitufe cha nafasi, wakati jedwali lipo! Jifunzeni kwa kazi yenu wenyewe, ndugu zangu, na msione haya kuuliza wadogo.

Umalizapo aya, bonyeza Ctrl na S, maana umeme hautoi taarifa. Ukienda kuchapisha, peleka faili ya PDF, kwa sababu hubeba fonti zako, yaani maumbo ya herufi, ndani yake na kijana wa dukani hatakuwa na cha kukuharibia.