Likizo ya kuzamia bila haraka, twende wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tuko Minneapolis, vyeti vya kuzamia tunavyo, tunataka Karibiani ila hatutaki kukimbizana na ratiba ya boti kila asubuhi. Wapi panafaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nendeni Bonaire, wala msihangaike. Ni kisiwa cha Waholanzi lakini wanatumia dola ya Marekani, na utamu wake ni kwamba unazamia kutokea ufukweni, mnakodi pikapu, mnapakia mitungi ya hewa nyuma, mnaendesha taratibu mpaka mkiona jiwe la njano limeandikwa jina kando ya barabara basi hapo ndo penyewe, mnavaa mnaingia, mkiogelea kidogo tu matumbawe hayo hapo. Vaeni viatu vya soli ngumu maana ufukwe ni mawe mawe yanayobiringika. Bahari yote pale ni hifadhi tangu 1979, ada mtalipa, na glavu ziacheni nyumbani haziruhusiwi.

Halafu jamani siku ya mwisho msizamie kabisa, mwili unahitaji kupumzika angalau saa 18 tangu mzamio wa mwisho kabla ya kupanda ndege, mimi nasema pigeni 24. Siku hiyo nendeni kusini kwenye mabwawa ya chumvi mkaangalie heroe.