Kitabu cha nyota: tazama mwaka kabla ya bei

Wadogo zangu mnaoanza kusoma vitabu vya ulimwengu na nyota, vile walivyoandikiwa watu tusio wanafizikia, jambo la kwanza ni kufungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Vingi vinavyotufikia Mwanza ni vya mtumba, vimetandikwa kando ya barabara katikati ya vitabu vya uhasibu na riwaya za mapenzi, na muuzaji hupanga bei kwa kuangalia unene.

Kitabu cha kabla ya 1995 hakina habari za sayari hata moja inayozunguka nyota nyingine ya aina ya Jua letu. Wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliitangaza ya kwanza mwaka huo. Cha kabla ya 1998 kitabishana kama ulimwengu utaacha kutanuka, kisha usinyae. Mwaka huo waliokuwa wakipima mwanga wa nyota zilizolipuka mbali sana walikuta kutanuka kunazidi kasi. Kabla ya 2006 sayari ni tisa, Pluto ikiwemo. Picha halisi ya shimo jeusi, lile lenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, haikuwepo hadi Aprili 2019.

Pamoja na hayo, cha zamani kikiwa bei ya kutupa, chukua. Sura ya maisha ya nyota haijachacha. Mwanafizikia Hans Bethe alieleza mwaka 1939 jinsi haidrojeni inavyoungana kuwa heliamu na kulifanya Jua liwake, na maelezo yake bado yanasimama. Isome taratibu, penseli mkononi, hasa pale panapoelezwa kwamba rangi ya nyota hutokana na joto la uso wake. Ukimaliza, toka nje jioni ya Januari au Februari, mawingu yakikuruhusu, ulitafute kundi la nyota liitwalo Orion. Nyota yake Rigel ni nyeupe ya kibluu, joto la uso wake kelvini (kipimo cha joto) kama 12,000. Nyingine, Betelgeuse, ina wekundu, kelvini kama 3,500. Macho matupu yanatosha kabisa kuona tofauti.

Ila michoro ya vitabu hivi ni ya anga la Uingereza na Marekani. Huko Orion husimama wima upande wa kusini. Kwetu huchomoza imelala ubavu, ikapita karibu na utosi. Nyota ya Kaskazini wanayoisifu usihangaike nayo, maana Mwanza iko kusini ya ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi, nayo haichomozi huku. Na chagua siku za giza, zile ambazo taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani. Mwezi ukiwa mpevu wao wenyewe hupumzika, nawe baki ndani usome.

Mwisho wa vitabu vingi huwa na sura za nadharia ya nyuzi, isemayo kwamba kila kitu kimeundwa na nyuzi ndogo mno zinazotetema, na za malimwengu mengi. Zinanoga, lakini hakuna kipimo kilichozithibitisha bado, kwa hiyo mimi ningeziacha hadi nirudie kitabu mara ya pili.