Albamu imekwisha, lebo imeikalia

*Shikamoo mzee. Sisi ni vijana wanne wa hapa Uyole, tunapiga roki: magita mawili, besi na dramu. Mwaka 2022 tulisaini na lebo moja ya Dar es Salaam, tukarekodi nyimbo tisa, na mpaka leo albamu haijatoka. Tukipiga simu tunaambiwa "tulieni kwanza, soko halijakaa sawa". Kaka yangu anatutuliza kwamba hata bendi ya Boston ya Marekani ilikaa miaka minane kwa ugomvi na kampuni. Ni kweli? Na tukiondoka tukarekodi upya, watatufanya nini?*
Mpiga besi, Uyole

Marahaba mwanangu. Kaka yako hesabu kaipata: albamu ya pili ya Boston ni ya 1978, ya tatu ni ya 1986. Ila mfano wenyewe hauwafai. Ninyi kazi mmemaliza, wao walikuwa hawajamaliza. Mwenye bendi, Tom Scholz, alikuwa mhandisi wa Polaroid aliyejijengea studio chini ya nyumba yake, na hakuwa mtu wa kukimbizwa. Albamu ya kwanza, ya 1976, iliuza kupita kiasi, lebo yao ya CBS ikataka nyingine upesi. Ya pili ilimtoka mkononi kabla hajaridhika nayo. Ya tatu akakataa kuharakishwa, CBS ikamshtaki kwa kuvunja mkataba na kumzuilia mirabaha. Akahamia lebo nyingine, MCA, albamu ikatoka kesi ikingali mahakamani, ikashika namba moja, na mwisho wa yote kesi akashinda yeye.

Mimi katika habari hiyo huwa najiuliza: miaka yote hiyo bwana huyu alikuwa anakula nini? Alikuwa na kampuni yake pembeni, inatengeneza Rockman, kidude cha kupigia gita ukisikiliza kwa hedifoni, na wapiga gita wakakipenda. Kwa hiyo mirabaha ilipozuiliwa, jiko halikuzimika. Kama ninyi mnaishi kwa viazi na bodaboda, msiviache kwa sasa.

Anayewafaa zaidi ni Tom Petty, mwanaroki wa Marekani. Mwaka 1979 lebo yake, ABC, iliuzwa kwa MCA, naye akaambiwa mkataba wake umehama na mali nyingine. Hakuafiki. Akaenda mahakamani kujitangaza amefilisika ili mkataba ufunguliwe upya. Huku studio kazi inaendelea, na kila usiku msaidizi wao anaondoka na kanda, anaenda kuzificha. Petty hakutaka kabisa kujua zimelala wapi, ili akiulizwa mbele ya hakimu asilazimike kudanganya. Oktoba mwaka huohuo albamu ikatoka, tena kupitia MCA hiyohiyo, lakini kwa masharti mapya.

Sasa niambieni, masta zenu ziko kwa nani? Na msinijibu kwamba mnazo kwenye simu. Ile MP3 mliyorushiwa WhatsApp imebanwa, ni ya kusikilizia tu. Nazungumzia faili za WAV za mchanganyo wa mwisho, pamoja na zile za kila chombo peke yake: besi yako, dramu, sauti. Kama zimebaki kwenye kompyuta ya prodyuza na huna nakala kwenye diski, huna kitu.

Halafu mjue kwamba wimbo na rekodi ni mali mbili tofauti. Utunzi ni wenu, isipokuwa kama mlisaini kuwapa. Rekodi ya mle studio, kwa mikataba mingi ya lebo, ni ya aliyelipia. Ndiyo maana kurekodi upya kunawezekana, lakini tafuteni kwanza kifungu kinachowakataza kurudia nyimbo hizohizo kwa miaka kadhaa. Kipo kwenye mikataba mingi, mara nyingi kurasa za mwisho ambako macho yameshachoka. Mkikiruka kifungu hicho, mnawapa wao kesi.

Kwa nini lebo ikalie kitu ilichokilipia? Mara nyingi hakuna hata fitina. Kurekodi ni gharama ndogo. Video, redio na matangazo ndiyo yanayokula fedha. Au aliyewasaini ameshaondoka na aliyebaki hapendi magita. Dalali akishalipia viazi vikiwa bado ardhini, siku ya kuchimba anapanga yeye, na malipo ya awali mliyopokea yalikuwa ya namna hiyo.

Kwa hiyo andikeni barua, ya karatasi, yenye tarehe, ipokewe kwa saini. Ulizeni albamu inatoka lini, na kama haitoki, wawaachie masta kwa masharti gani. Kuomba si ujinga. Bendi ya Wilco ya Marekani iliambiwa na lebo yao, Reprise, mwaka 2001 kwamba albamu yao haifai, wakaachiwa waondoke nayo. Lebo nyingine, Nonesuch, wakainunua, wakaitoa 2002, ikapendwa sana. Utamu wake ni kwamba Reprise na Nonesuch zote zilikuwa za kampuni moja, Warner: mfuko mmoja ulilipia albamu moja mara mbili! Wakati mnasubiri majibu, sajilini tungo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mkataba ausome wakili, siyo kaka.

*Kamwene mzee. Kwaya yetu imepata mtu anayetaka kuturekodi bure, ila tusaini karatasi moja tu. Tusaini?*
Katibu wa kwaya, Mafinga

Kamwene. Karatasi moja inatosha kupoteza nyimbo zote, katibu. Kabla ya kusaini, iandikwe humo humo: masta ni ya nani, mkataba unaisha tarehe gani, na asipotoa albamu ndani ya muda mliokubaliana, kila kitu kinarudi kwenu bila malipo. Hilo la tatu ndilo litakalomfanya akunje uso. Akilikataa, rudini mazoezini, mchangishane mlipie studio wenyewe.