Kwa kijana aliyeuliza kuhusu kazi ya kuongoza umeme wa treni

Mkuu, umesema umemaliza diploma ya umeme, umepanda SGR, reli yetu ya kisasa ya Tanzania, ukaona treni inakimbia kwa umeme, na sasa unataka kujua wale wanaokaa chumba cha kuongoza umeme huo wanafanya nini hasa, kama kazi ina maisha, na kama mtu hupata usingizi baada ya shifti. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwamba ni kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi na kubonyeza kompyuta.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hiyo, kwa treni za chini ya ardhi za mji mmoja wa Amerika Kaskazini. Jina la mji na la mwajiri naliacha, maana sina ruhusa ya kuwasemea. Nilizaliwa Tanga, nikasomea umeme Dar, nikafanya ufundi viwandani kabla ya kuja huku. Nakuandikia yale niliyoyaona mwenyewe.

Kubonyeza kupo, na huchukua sekunde mbili. Saa zote zilizobaki unazitumia kujua nani amesimama wapi kabla hujabonyeza.

Treni zetu hazina waya juu. Pembeni mwa njia kuna reli ya tatu, imekalia vikombe vya kuhami, na treni inaburuza juu yake kiatu cha chuma kinachochukua umeme. Ni volti 600 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. New York wanatumia 625, na BART, treni za abiria za kule San Francisco, 1,000. Ukizilinganisha na volti 25,000 za AC, umeme unaobadili mwelekeo kama wa majumbani, zinazoendesha SGR yetu utaziona ndogo. Usizidharau. Treni moja ikiondoka kituoni inavuta maelfu ya ampea, na wakati waya wa SGR uko juu mbali na kichwa, reli ya tatu iko chini, karibu na kifundo cha mguu wa fundi, gizani, mara nyingine kwenye maji.

Umeme tunaununua kwa shirika la umeme la mji ukiwa na volti maelfu kadhaa. Unaingia kwenye kituo cha kupoza, transfoma inaushusha, rektifaya inaugeuza kuwa DC, kisha unapita kwenye sakiti breka, swichi kubwa inayoweza kuruka na kukata umeme yenyewe penye hitilafu, kwenda relini. Vituo hivyo vimepangwa njia nzima, kila baada ya kilomita mbili hivi, na kila kipande cha reli kinalishwa kutoka pande mbili, kituo cha huku na kituo cha kule. Hapa ndipo wanaotoka kwenye umeme wa majumbani wanapojikwaa. Nyumbani ukizima meni swichi umemaliza. Huku ukifungua breka ya upande mmoja (kufungua breka ni kukata umeme, kuifunga ni kuurudisha), reli bado ina umeme uleule kutoka upande wa pili. Lazima ufungue zote mbili, uzizuie zisirudi, uweke alama kwenye skrini kwamba haziguswi, na fundi aliye chini apime kwa kifaa chake kabla hajasogea.

Hata hapo hujamaliza. Kati ya kipande kimoja na kingine kuna pengo kwenye reli ya tatu. Treni ni ndefu na ina viatu vingi. Ikisimama juu ya pengo, kiatu cha mbele kikiwa upande uliozimwa na cha nyuma upande wenye umeme, treni yenyewe inakuwa daraja, umeme unapita ndani yake na kuingia mahali ulipoahidi kwamba hapana umeme. Ndiyo maana kabla ya kuzima kipande nampigia mwongoza treni (si dereva, ni yule anayesimamia mwendo wa treni zote njiani), nathibitisha kwamba hakuna treni karibu na pengo na kwamba ameshaizuia inayokuja. Jambo hili halikuwamo kwenye masomo yangu ya chuo. Nilifundishwa na mzee mmoja niliyewekwa ubavuni mwake kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kugusa chochote peke yangu.

Nikueleze usiku mmoja. Treni za mwisho zinaingia karakana kama saa nane usiku, na kuanzia hapo hadi alfajiri njia ni ya mafundi: wa reli, wa ishara, wa pampu za maji, wa kusafisha. Kila timu inachukua kibali kwangu kwa redio. Fomeni anataja jina lake, namba ya kibali, mahali, na idadi ya watu wake. Namrudishia neno kwa neno, naye anajibu kwamba ndivyo. Usiku ule nilikuwa na timu nne kwenye kipande kimoja.

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri wakaanza kurudisha vibali. Timu ya kwanza imetoka, ya pili imetoka, ya nne imetoka. Fomeni wa tatu akaita: "Tumetoka wote, vifaa vimetoka, ethi imeondolewa, rudisha umeme." Ethi ni waya wa muda unaounganisha reli iliyozimwa na ardhi ili kuwalinda mafundi. Nikamwomba idadi. Akasema wanane. Kwenye daftari langu niliandika tisa.

Nikamwambia: "Waliingia tisa." Redio ikanyamaza. Halafu: "Subiri."

Simu ya pembeni ikaanza kulia. Mwongoza treni anataka umeme, treni ya kwanza iko mlangoni mwa karakana na abiria wameshaanza kuingia vituoni. Nikamweleza hali. Baada ya dakika tatu akapiga tena. Akapiga mara ya tatu pamoja na msimamizi wake. Kwenye skrini breka mbili zilikuwa za kijani, na kwetu kijani maana yake imefunguka, njia haina umeme, wakati nyekundu ni umeme unatembea. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikauweka mapajani ili usifanye jambo peke yake.

Alipatikana baada ya dakika kumi na moja. Alikuwa ametokea ngazi ya dharura ya upande wa pili, akaenda kukaa kwenye gari la kazi, redio yake imezimika chaji. Mzima kabisa, anakunywa kahawa. Treni ya kwanza ilichelewa, abiria walilalamika, nami niliandika maelezo kurasa mbili. Hakuna aliyekuwa kwenye hatari, ila mimi sikuwa na njia ya kulijua hilo. Ikitokea tena leo usiku nitafanya vilevile, hata wapige simu mara ishirini.

Mchana kazi inabadilika sura. Breka inaruka, kengele inalia, na una sekunde chache za kuamua. DC ina tabia yake: shoti iliyo mbali na kituo inaweza kuvuta ampea chache kuliko treni mbili zinazoondoka pamoja, kwa hiyo kuangalia ukubwa wa mkondo peke yake hakutoshi, na rilei, vifaa vinavyotambua hitilafu na kuiamuru breka ifunguke, zinatazama pia mkondo unapanda kwa kasi gani. Breka zetu hupima njia kabla ya kujifunga zenyewe tena. Zikikataa, zinaniachia mimi, na mimi silazimishi. Kwanza namuuliza mwongoza treni: kuna mtu njiani? Kuna moshi? Dereva ameona nini? Mara nyingine ni kopo la bati limeangukia reli. Mara nyingine ni binadamu. Simu za namna hiyo tunazipata, na sitaki kuzieleza zaidi hapa. Nitasema tu kwamba dereva akiita kwamba kuna mtu njiani, umeme unakatwa papo hapo bila kuuliza nani ameruhusu, na kwamba baada ya siku kama hiyo tunapewa mtu wa kuzungumza naye. Nimekwenda, na ilinisaidia.

Baridi nayo ina mambo yake. Barafu ikiganda juu ya reli ya tatu, kiatu hakishiki chuma, treni inatoa cheche za buluu zinazoangaza ukuta mzima. Tunawasha hita za reli pale zilipo, na usiku wa barafu kali treni tupu zinatembezwa hadi asubuhi ili njia isigande.

Mzee aliyenifundisha alikuwa kazini tarehe 14 Agosti 2003, siku umeme ulipokatika kaskazini-mashariki ya Marekani na jimbo la Ontario kule Kanada, watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. New York peke yake abiria mamia ya maelfu walitolewa kwenye treni zilizosimama. Alinisimulia jambo ambalo kila mgeni wa kazi hii namsimulia na mimi. Umeme ulipokatika, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kufungua breka zake zote. Nilimwuliza, kwa nini ufungue wakati umeme haupo? Akanijibu kwamba muda si mrefu abiria wangeshushwa, watembee gizani kando ya reli ya tatu, na umeme wa mji ungeweza kurudi dakika yoyote. Hata uliporudi hakuufungulia kwa pupa. Alisubiri kila handaki lithibitishwe kuwa tupu, kisha akawasha kipande baada ya kipande, kwa sababu treni zote zikiwasha kompresa na viyoyozi kwa mpigo, breka zitaruka tena.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko unakouliza. SGR ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, nilifuatilia kama mtu anayefuatilia mtoto wa nduguye. Shirika la Reli Tanzania lilipoeleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu ya umeme, watu wengi walicheka mitandaoni. Mimi sikucheka. Kwa volti 25,000 mnyama hahitaji kukata kitu. Anahitaji tu kugusa penye umeme huku mwili wake ukigusa nguzo, na tayari ni shoti, breka inaruka, treni inasimama. Nilichowaza ni yule aliyekuwa kwenye kiti cha kuongoza umeme siku hiyo, simu zinalia, hajui kama ni waya umekatika na kuangukia mtu au ni mnyama.

Kuingia kwenye kazi hii, diploma yako inatosha kuanzia. Jifunze rilei na kinga za mifumo vizuri kuliko wanavyozifundisha darasani. Kabla ya chumba cha udhibiti ningependa ufanye ufundi kwenye vituo vya kupoza miaka miwili mitatu, usikie breka ya DC ikifunguka, ule mlio kama bunduki, ili ukiwa kwenye skrini ujue unachokiamuru ni nini. Huku kuna kipimo cha macho cha rangi, na wapo waliokwama hapo hapo. Usahaulifu mdogo unavumilika ukiwa na daftari. Aibu ya kumwuliza fomeni mara ya pili haivumiliki.

Maisha yapo, mshahara ni mzuri kuliko wa fundi wa kawaida, ila shifti ni saa kumi na mbili na wageni ndio wanaopewa usiku na sikukuu. Idi nne nimezilia kazini. Ramadhani naweka tende tatu kwenye kisahani kando ya kibodi, na mwenzangu, Mkristo, anashika redio yangu dakika tano bila kuombwa.

Usingizi nao umeuuliza. Narudi nyumbani saa moja na nusu asubuhi watoto wakitoka kwenda shule, navuta pazia nene, nalala hadi saa nane mchana. Siku usingizi unapogoma ni zile ambazo shifti yangu imeisha kibali kimoja kikiwa bado nje, nikamkabidhi mwenzangu nikaondoka. Najigeuza kitandani kidogo, kisha nampigia. Anajua ninachotaka, hata salamu haingoji. "Wametoka wote," ananiambia. "Nimewahesabu. Lala."